Nchi Ambako Hakuna Gyebale

Kampala hupiti mtu anayefanya kazi ukanyamaza. Haiwezekani. Utamwambia "Gyebale ko, ssebo," yaani asante kwa kazi, bwana, naye ataacha nyundo hewani akujibu, "Awo, nawe gyebale," ndipo nyundo ishuke. Si lazima kazi iwe yako. Si lazima umjue. Mtu anachimba kaburi, unamshukuru. Mama anasugua sufuria mlangoni kwake, unamshukuru. Jamaa aliyetumwa na mwenye kiwanja kuja kubomoa kibanda changu cha kwanza aliniambia gyebale kabla hajaanza kubomoa, na alipomaliza nikamwambia na mimi. Alikuwa ametoka jasho. Kazi ni kazi.

Naanza na hilo kwa sababu ndilo lililotaka kunirudisha nyumbani na aibu.

Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma. Mageti, madirisha, vitanda vya shule, chochote kilicho chuma. Shule niliishia darasa la nne. Sikuitafuta tena, na yenyewe haikunitafuta. Nilizaliwa kambini Makindye, mtoto wa askari aliyetoka kaskazini, na Kiswahili ndiyo lugha tuliyotukaniana watoto wa kambi nzima. Zamani ukikisema mjini watu wanaficha kuku, wakidhani askari wamekuja kupora. Siku hizi wanakujibu. Ufundi nilijifunza kwa kutazama, nikafukuzwa, nikarudi kutazama. Leo nina karakana Kawempe, kando ya barabara, nina nyumba ya matofali, na watoto wangu wamesoma mpaka wananisahihisha. Yote nimeyajenga kwa mikono hii. Sisemi kwa majivuno. Haya, nasema kwa majivuno.

Ng'ambo ya barabara, karakana yake ikitazama yangu, yuko fundi mwingine. Huyo tumetazamana kuliko nilivyotazamana na mke wangu. Tunaazimana grenda ya kusagia chuma, tunatukanana, tunazikana wazazi. Akitengeneza geti nitasimama pale nimwambie linafaa zizi la mbuzi. Atanijibu kwamba mbuzi wake wana adabu, hawawezi kulala nyuma ya geti langu. Lakini kwanza tumepeana gyebale. Matusi yanakuja baada ya salamu.

Siku moja habari ikaja kwamba kuna kampuni inatafuta mafundi wa kuchomelea waende Polandi, kiwanda cha kutengeneza matela ya malori. Mtihani unafanyika Ntinda. Karatasi za shule hawaulizi, wanataka kuona mkono. Asubuhi nikamwona jirani yangu anafunga karakana mapema, amevaa shati safi. Nikajua. Na mimi nikaingia ndani nikavaa shati safi.

Wallahi sikuwa na haja ya kwenda popote. Nilikuwa na wajukuu. Nilienda kwa sababu yeye anaenda.

Ntinda wakatupa vipande vya chuma, tuviunge. Mimi nikaunga kama ninavyounga siku zote. Jirani yangu alisimamiwa na mtu aliyekunja mikono, akawa anamtazama yeye badala ya kazi, akatoboa chuma. Nikachukuliwa mimi. Njia nzima ya kurudi tulikaa kiti kimoja na hakunisemesha mpaka Kawempe.

"Unajua kwa nini wamekuchukua?" akasema tukishuka.

"Kwa sababu sikutoboa."

"Kwa sababu ya mvi. Wanadhani una akili. Hawajui hiyo ni chokaa imekuangukia."

Siku ya kuagwa ndipo nikajifunga mwenyewe. Watu wamejaa uani, mafundi wa mtaa mzima, nami nina mfupa wa mbuzi mkononi na mdomo umenawiri. Nikasema mbele ya wote kwamba nitamaliza mkataba wote, miaka miwili, na kama hao wazungu watanirudisha kabla ya hapo, basi jirani yangu achukue uso wangu wa barabara, aning'inize mageti yake pale mbele kwangu, mimi nihamie nyuma kwenye mtaro.

Jirani yangu akainuka kwenye kiti. "Mmesikia? Wote mmesikia? Mama watoto, umesikia?"

Mke wangu alikuwa anapakua wali. "Nimesikia," akasema. "Alivyokuwa anaunga vyuma vyote hivi, nilidhani siku moja ataunga na huo mdomo."

Kama hujui maana ya uso wa barabara kwa fundi, nikwambie. Mteja hatafuti fundi, mteja anapita. Anaona geti limesimama, anasimama. Kule nyuma mtaroni utatengeneza geti la dhahabu, litaonwa na vyura. Nilikuwa nimeweka karakana yangu mezani, kwa sababu ya mbuzi aliyeiva vizuri.

Basi nikaenda. Ya ndege na ya baridi siwaelezi, kila aliyesafiri anaeleza hayo na anaongeza chumvi. Nawaeleza kiwanda. Kikubwa, safi, unaweza kula sakafuni. Kila fundi ana kibanda chake, amezungushiwa mapazia mazito ya plastiki ili mwanga usiwaumize wengine. Unaingia asubuhi, unavuta pazia, unabaki wewe na chuma chako. Mimi nimechomelea miaka yote barabarani, kushoto kwangu anayechoma mahindi, kulia anayeuza kadi za simu, mbele yangu boda boda wanagombana. Sasa nimewekwa ndani ya pazia kama mwali.

Siku ya kwanza nilifanya kama mtu aliyelelewa. Nikapita kibanda hadi kibanda, nikifungua pazia, nawapa gyebale. Kwanza nilimfungulia mzee mmoja mnene mwenye masikio mekundu. Akashtuka, akazima mashine, akavua kofia, akanitazama. Nikamwambia tena, pole pole, huku nakitikisia kichwa kile chuma chake. Akakigeukia chuma, akakichunguza kote. Akachunguza mashine. Halafu akahesabu zana zake.

Hakuna aliyejibu. Hakuna hata mmoja.

Nikasema sawa, lugha hawaijui. Lakini msimamizi yeye ndiye aliyeniumiza. Mtu mwembamba, masharubu kama brashi ya kusugulia chuma, na mfukoni ana tochi ndogo. Unapomaliza mshono, pale vyuma viwili vilipoungwa, anakuja, anainama, anaumulika kutoka mwanzo mpaka mwisho, anazima tochi, anaondoka. Neno, hapana. Hata kukohoa. Nilisimama pale nimeshika kofia kifuani kama mtu anayesubiri baraka, naye ameshageuka.

Sasa fikiria wewe. Nyumbani hata mpita njia ambaye hana geti wala ukuta anakushukuru. Huyu chuma ni chake, matela ni ya kampuni yake, ameinama kabisa kutazama, halafu ananyamaza. Mtu anayenyamaza hivyo Kampala ameona kitu kibaya na anakuonea huruma. Nikautazama mshono wangu. Naona mzuri. Nikautazama tena, nikaanza kuuona umepinda. Nikashika grenda nikausaga wote, nikaunga upya.

Akaja na tochi. Akainama. Safari hii alikaa kidogo zaidi. Akaondoka.

Nikausaga tena.

Nikawa hivyo wiki baada ya wiki. Wenzangu wanamaliza fremu, wanachukua nyingine. Mimi niko kwenye ile ile, naunga, nasaga, naunga, nasaga, cheche zinaruka mpaka yule mzee mnene anachungulia kuona kama nimeshika moto. Jioni naondoka nimechoka kuliko wote na nimefanya kidogo kuliko wote. Na sote wageni tulikuwa kwenye majaribio ya miezi mitatu. Ukishindwa, unapewa tiketi.

Jumapili nikampigia mke wangu.

"Hawanishukuru," nikamwambia.

"Nani?"

"Wote. Hakuna anayesema gyebale. Msimamizi anatazama kazi anaondoka kama mtu amenusa choo."

"Labda kazi mbaya."

"Mama watoto!"

"Nauliza tu. Umezeeka, macho yako yale. Ukila unaacha mifupa, nikitazama ni nyama."

"Mshono mzuri!"

"Basi kama mzuri unaninunia nini mimi? Sikia. Jirani yako jana alikuja na futi. Alikuwa anapima mbele kwetu."

"Anapima nini?"

"Anasema anatazama tu kama geti la milango miwili linaenea. Nilimpa chai."

"Ulimpa chai?"

"Alikuwa anafanya kazi. Ningemwambia gyebale halafu nisimpe chai?"

Usingizi haukuja vizuri.

Kulikuwa na Mkenya mmoja pale kiwandani, mwanamke, dereva wa folklifti, kile kigari cha kunyanyulia mizigo. Alikuwa amekaa Polandi miaka, lugha yao anaitapika kama maji. Ndiye aliyekuwa akinisaidia kuelewa mambo, na kila akinisaidia ananitoza kwa kunicheka Kiswahili. Alisema naongea kama askari anayemsimamisha mtu kizuizini. Nikamwambia hiyo ndiyo lugha ya baba yangu na alisimamisha watu wengi.

Siku moja akasimamisha folklifti mbele ya pazia langu, akashuka, akaingia. Mimi nimeshika grenda.

"Mzee, weka hiyo chini."

"Nina kazi, binti yangu."

"Hiyo si kazi. Nimekuwa nikikutazama. Unaunga vizuri, halafu unasaga. Kwani una nini? Kuna mtu amekuroga?"

"Msimamizi hajasema kitu."

"Ndiyo. Na?"

"Na nini? Hajasema kitu! Ametazama, hajasema!"

Akanitazama. Kisha akaanza kucheka. Alicheka akashika nguzo, akashika tumbo, akajifuta macho kwa glavu ikamwachia mafuta usoni.

"Mzee wangu. Huyo mtu asiposema kitu ndiyo amesema. Amekubali. Amepita. Wee, wanasema wewe ndiye mtu mpole kuliko wote hapa na ndiye mvivu kuliko wote. Majaribio yanaisha wiki ijayo. Jina lako linatajwa ofisini, na si kwa harusi."

"Mtu akikubali anasema."

"Kwenu."

"Kwenu pia mnasema kazi njema."

"Kwetu pia. Lakini hapa si kwenu na si kwetu. Hapa mdomo unafunguliwa kitu kikiharibika. Kikiwa sawa, wa kazi gani?"

Sikumwamini. Nasema ukweli, sikumwamini. Mimi si mtu wa kuambiwa, mimi ni mtu wa kujaribu. Nimejifunza umeme kwa kuushika. Nikajiambia: kama huyu binti anasema kweli, basi huyo bwana wa tochi ana sauti, na sauti hiyo imewekwa kwa ajili ya kazi mbovu. Hebu niisikie.

Kesho yake nikaunga mshono mbovu. Ilinichukua muda kuliko mzuri, kwa sababu mkono ulikuwa unakataa. Mkono unataka kunyooka, mimi naupinda. Nikaacha mashimo. Nikaacha mabonge kama uji wa mtu aliyeachwa na mke. Mahali pengine vyuma viwili havikugusana kabisa, upepo ungepita ukasalimia. Nikavua kofia, nikasimama kando, mikono nyuma.

Akaja. Akainama, akawasha tochi.

Tochi ikasimama. Ikarudi nyuma. Ikaenda mbele. Akanyanyuka pole pole, masharubu yameanza kucheza, na jamani, mtu yule alikuwa na sauti! Sauti ya kuongoza gwaride! Alisema yote ambayo hakuyasema tangu nifike. Alinionyesha mashimo, akanionyesha dari, akanionyesha barabara ambako nadhani hilo tela lingekatika na kuua watu. Mapazia yakaanza kufunguka. Yule mzee mnene wa masikio mekundu akatoka na mkate wake mkononi. Kiwanda kizima kilikuja kibandani kwangu, kama Kawempe kabisa.

Na mimi nikafurahi. Siwezi kuficha. Nilitabasamu mpaka magego. Kwa maana kila neno alilonitukana lilikuwa linasafisha mishono yote ile niliyoisaga bure. Yote ilikuwa mizuri! Yote alikuwa ameikubali! Kadiri alivyopiga kelele ndivyo nilivyotabasamu, na kadiri nilivyotabasamu ndivyo shingo yake ilivyovimba. Mwisho akanishika kiwiko, akanivuta ofisini.

Kule ofisini furaha ikaniisha. Nikakumbuka majaribio yanaisha wiki ijayo. Nikamwona akilini jirani yangu na futi yake.

Wakamwita yule Mkenya atafsiri. Akasimama mlangoni, ananitazama kama mtoto aliyevunja dirisha la kanisa.

"Anauliza," akasema, "kwa nini kazi nzuri unaisaga, halafu hii takataka unaiacha na unacheka?"

Nikaeleza. Nikaanzia mbali. Nikamweleza gyebale, na mama anayesugua sufuria, na mtu wa kaburi, na aliyebomoa kibanda changu. Nikamweleza kwamba mtu mzima akitazama kazi ya mwenzake akaenda kimya, amemwambia aivunje. Mkenya alitafsiri, na pale pa kaburi nadhani aliongeza ya kwake kwa sababu alitumia mikono. Msimamizi alisikiliza bila kupepesa. Kisha akauliza swali fupi.

"Anauliza, hao wanaokushukuru barabarani, huwa wanasimama kutazama mshono?"

Nikaanza kuwahesabu kwa vidole.

Nilitafuta kichwani. Anayechoma mahindi? Hajawahi kunyanyua macho kutoka kwenye mahindi yake. Boda boda wanasema wakiwa wanapita, neno linaanzia kwangu linaishia kwa jirani. Miaka yote hiyo nimeshukuriwa asubuhi mpaka jioni, na mshono wangu haukuinamiwa na mtu. Isipokuwa mmoja. Jirani yangu huvuka barabara, huinama, hutafuta mahali pa kunitukana.

"Mwambie, mmoja," nikasema.

Msimamizi akasema maneno machache, akachukua tochi yake mezani, akatoka.

"Amesemaje?" Nikamshika mkono yule Mkenya. "Nafunga mizigo?"

"Amesema akipita kimya, usiguse."

"Na kufukuzwa?"

"Mzee, mtu anayefukuzwa anaambiwa usiguse nini?" Akanipiga begani. "Umebaki. Sasa nenda ukasage ule uji wako, unatia aibu Afrika Mashariki nzima."

Asubuhi iliyofuata nikaunga mshono, mzuri, ulionyooka kama uzi wa mwashi. Bwana wa tochi akaja. Akainama, akamulika mwanzo mpaka mwisho, akazima, akageuka. Mkono wangu wenyewe ukaenda kwenye grenda. Nikauweka mfukoni. Lakini mdomo sikuuwahi.

"Gyebale ko, ssebo," nikamwambia mgongo wake.

Akasimama. Akarudi hatua moja, akawasha tochi, akanimulika usoni, kidevu mpaka kwenye mvi, kama anatafuta shimo. Akazima. Akaenda.

Amepita kimya. Basi nilikuwa sawa.

Nilimaliza mkataba. Ile miaka miwili yote. Yule mzee mnene mwishoni alikuwa akipita pazia langu ananguruma kitu, na Mkenya aliapa kuwa ni gyebale, ila imevunjika miguu yote. Nilimjibu kila siku.

Nilirudi Kawempe mchana, na begi bado liko mlangoni nikaenda mbele kutazama uso wangu wa barabara. Ulikuwa mtupu, umefagiwa. Ng'ambo ya pili jirani yangu alikuwa amesimamisha geti jipya, la milango miwili, pembeni ameweka maua ya chuma. Aliponiona akatupa kila kitu.

"Kumbe unaishi! Gyebale ko na safari! Njoo, njoo uone geti. Sema unachosema, leo huna la kusema!"

Nikavuka barabara. Nikatoa mfukoni tochi ndogo. Nilikuwa nimenunua yangu. Nikainama, nikamulika mshono wa chini, kutoka bawaba mpaka bawaba, pole pole. Nikamulika maua. Geti lilikuwa zuri, kusema kweli. Zuri sana. Nikazima tochi, nikairudisha mfukoni, nikageuka.

"Eh," akasema. "Mbona kimya?"

Nikaendelea kutembea.

"Mzee. Umeona nini? Ni ile pembe ya kushoto? Sema basi! Wewe mtu, si utukane tu!"

Nikafika kwangu. Mke wangu alikuwa ameweka kiti mbele, kwenye ule uso wa barabara wetu, na chai. Nikakaa. Nikashika kikombe, nikapuliza, na kabla sijapiga funda la kwanza nikasikia ng'ambo ya pili grenda inawaka.